Barua ya wazi kwa wakuu wa makumbusho na majumba ya sanaa Arusha: wapeni wanafunzi wa fildi Jumamosi moja

Kwa viongozi wa Makumbusho ya Taifa mnaosimamia vituo vya hapa Arusha, kwa maafisa utamaduni wa jiji na mkoa, kwa wenye majumba ya sanaa, na kwa waratibu wa mafunzo kwa vitendo katika vyuo vyetu.

Shikamooni wakubwa zangu.

Ninawaandikia hadharani kwa sababu jambo hili haliko kwenye meza ya mtu mmoja. Mwenye jengo akikubali, chuo kinaweza kulikwamisha. Chuo kikikubali, mwanafunzi anaweza kukosa nauli. Nikimwandikia kila mmoja wenu peke yake, kila mmoja atasema la mwenzake ndilo linalozuia. Mkisoma wote barua moja, huenda mkapigiana simu.

Ombi lenyewe ni hili. Mwanafunzi anayekuja kwenu kwa mafunzo kwa vitendo, yaani fildi kama tunavyosema wenyewe, apewe kazi ya kupokea familia. Nina maana ya familia za hapahapa mjini, baba, mama, bibi na watoto, siku ya Jumamosi, mbele ya picha na vinyago. Aiandae kazi hiyo mwenyewe, aifanye, na afagie yeye wakishaondoka. Awe na msimamizi wa kumwelekeza, na apewe nauli na chakula cha mchana.

Nitaeleza nilikolitoa wazo hili.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea sanaa. Nilifanya fildi ya wiki nane katika jumba moja la sanaa hapa Arusha. Silitaji, kwa sababu niliyoyaona pale wenzangu waliyaona kwingine, na nia yangu si kumshtaki mtu. Wiki tano za kwanza nilipangusa vinyago. Nilikuwa na brashi mbili na kitambaa. Brashi ndogo ilikuwa ya kutoa vumbi kwenye macho na katikati ya vidole, kubwa ya mgongoni. Nilipomaliza chumba cha mwisho, vumbi lilikuwa limesharudi cha kwanza. Nilipeleka fotokopi, nilichemsha chai, nilibandika bei. Kupangusa kinyago ni kazi ya heshima, na mikono yangu ilijifunza mengi kuhusu mbao. Ila hakuna aliyeniambia kinyago kipi kilitoka wapi, nani alikichonga, wala nimjibu nini mtu akiniuliza.

Wiki ya sita, Jumamosi moja ya Agosti, ile baridi ya Arusha ambayo Meru hauonekani mpaka saa saba, familia ilisimama getini. Mama alikuwa na mtoto mgongoni, ameshika mkono wa msichana wa miaka kama saba, na mvulana mkubwa kidogo alikuwa nyuma yao. Bibi yao alikuwa amejitanda shuka, ushanga masikioni. Mlinzi aliwauliza wanataka nini. Mama akasema, kwa sauti ya kuomba radhi, kwamba walikuwa wanapita tu, watoto wakauliza kuna nini humu ndani. Mlinzi akanitazama. Nikasema waingie.

Sikuwa na mpango wowote. Niliwasimamisha mbele ya mti mmoja mkubwa wa mpingo wa Kimakonde, ule mtindo wa dimoongo ambao wengi tunauita ujamaa, watu wamebebana mmoja juu ya mwingine kutoka chini hadi juu. Msichana akauliza mbona watu hawa wamepandana. Nikafungua mdomo kujibu, bibi akaniwahi. Akamwambia mjukuu wake, kwa Kimaasai kwanza na kisha kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, kwamba yule wa chini kabisa ni babu, na asipokuwepo wote wanaanguka. Mvulana akabisha. Akasema wa chini si babu, ni kijana, tazama mikono ilivyo na nguvu. Wakaanza kuzunguka kinyago wakitafuta ushahidi. Yule mtoto wa mgongoni naye akanyoosha kidole. Walikaa mbele ya kinyago hicho kimoja karibu nusu saa, na mimi niliyekipangusa wiki tano niliona siku hiyo kwa mara ya kwanza kwamba kuna mtu mmoja pembeni hajashikwa na yeyote. Aliyemwona ni msichana.

Jioni nilifungua kitabu changu cha kumbukumbu za fildi. Safu ya "kazi iliyofanyika" ilikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Niliandika: "Kupokea wageni." Mhadhiri msimamizi alikuja mara moja katika wiki zile nane, akaweka sahihi, akawahi gari. Hakuuliza wageni gani.

Wakubwa zangu, ile nusu saa ndiyo kazi ninayotaka mwanafunzi wa leo aifundishwe, aifanye kila wiki, na apewe alama kwayo.

Wengi wetu tunapofikiria elimu kwenye makumbusho tunafikiria ziara ya shule. Basi linafika, watoto themanini wanapangwa mistari, mwalimu anasema msiguse, mwongozaji anazungumza kwa sauti ya juu, watoto wanaandika madaftarini, saa moja imeisha. Mimi ni mwalimu, na ziara hizo nazipeleka, zina faida yake. Lakini familia ni kitu kingine kabisa. Ndani ya familia moja kuna mtu wa miaka minne na mtu wa miaka sabini. Mmoja hajui kusoma bado, mwingine hakupata nafasi ya kusomeshwa, na wa katikati ana simu mkononi. Ukiwahutubia wote kwa lugha ya kitabu umewapoteza wote. Mwezeshaji wa familia anatakiwa kujua kuchuchumaa hadi macho yake yawe usawa wa macho ya mtoto, na papo hapo asimpe bibi mgongo. Anatakiwa ajue kunyamaza. Kazi yake kubwa ni kuwafanya wazungumze wao kwa wao, wakirudi nyumbani waendelee bila yeye. Ujuzi huo hausomwi darasani ukaeleweka. Unapatikana kwa kuufanya mbele ya mtu anayekuangalia na kukurekebisha.

Na njia zipo, zimeshajaribiwa. Mwanasaikolojia Abigail Housen na Philip Yenawine, aliyekuwa mkuu wa elimu katika Museum of Modern Art ya New York, walitengeneza utaratibu wa kutazama picha unaosimama juu ya maswali matatu tu. Kwa Kiswahili chetu ningeyasema hivi: kuna nini kinaendelea hapa? Umeona nini hata ukasema hivyo? Kuna kingine tunachoweza kukiona? Mwezeshaji hasemi hili ni sahihi na lile ni kosa. Anaonyesha kwa kidole mahali mtoto alipopataja, anarudia jibu kwa maneno mengine ili wote wasikie, kisha anauliza tena. Nilipousoma utaratibu huo nilimkumbuka yule mvulana akizunguka kinyago kutafuta mikono yenye nguvu. Alikuwa anajibu swali la pili na hakuna aliyemuuliza.

Sisi tuna mlango wetu wa kuingilia humo, nao ni kitendawili. Hakuna bibi wa Kiswahili, wa Kimeru wala wa Kichaga asiyejua kukaa na watoto jioni akatega. Ukisema "kitendawili", hata mtoto aliyekuwa analia anajibu "tega". Kwa hiyo mwanafunzi wa fildi akianza kwa kutega mbele ya picha, familia nzima inajua mchezo tayari, hakuna anayehitaji maelekezo. Tofauti ndogo ni kwamba kitendawili kina jibu moja, na ukishindwa unatoa mji. Picha ina majibu mengi, na mji haudaiwi. Watoto wanaielewa tofauti hiyo upesi kuliko watu wazima. Kina baba hasa huwa wanataka jibu, wananigeukia na kuuliza, "Sasa mwalimu, kweli ni ipi?"

Nataka mwone pia jinsi vifaa visivyokuwa kikwazo. Chukueni beseni la maji, kipande cha mpingo na kipande cha mbao nyeupe ya kawaida. Waulizeni watoto kipi kitazama. Mpingo unazama, kwa sababu kiini chake ni kizito kuliko maji. Nimewaona watoto wakirudia jaribio hilo mara kumi. Baada ya hapo mweleze mtoto kwamba mchongaji anaupiga mti huo kwa tezo na patasi, na kwamba ukiukata mpingo, weusi uko katikati na kando yake kuna ukingo mweupe. Sasa mpe kinyago kilichopakwa dawa ya viatu kikauzwa kama mpingo, kiwekwe pembeni ya mpingo halisi, aamue mwenyewe kwa uzito na kwa ukingo. Mtoto wa Arusha, mji unaouza vinyago kila kona kuanzia Mnara wa Saa, anapaswa kuijua tofauti hiyo kabla ya mtalii. Mzazi wake vilevile.

Au chukueni picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitumia rangi zinazong'aa za kupakia baiskeli na vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa dari, kwa sababu ndivyo alivyoweza kuvipata. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, akiwa na miaka 40, na mtindo wake ukabeba jina lake hadi leo. Mtoto anayesikia habari hiyo anaelewa kwamba sanaa hii ilianza na mtu aliyetumia kilichokuwepo. Kisha mpe kipande cha boksi, manila, na rangi za maji, achore mnyama mmoja aijaze nafasi yote bila kuacha wazi, kama Tingatinga. Rangi ya baiskeli yenyewe iacheni kabatini, maana harufu yake na mafuta ya kuichanganyia havifai kwa watoto wadogo. Ni mambo ya namna hiyo mwanafunzi anatakiwa kuyajua kabla familia hazijafika.

Na ushanga. Mkiwa na mkufu mmoja wa Kimaasai kwenye kabati la kioo, mmeshapata mwalimu: bibi yeyote aliyeingia na mjukuu wake. Atawaambia nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, buluu ni anga, kijani ni majani. Bibi wa ukoo mwingine atalipinga moja kati ya hayo, na hapo ndipo mwanafunzi wa fildi atoe daftari aandike. Makumbusho itakuwa imepata maelezo ambayo kibao chake hakina.

Najua kuna atakayesema Arusha hatuna makumbusho ya sanaa ya umma, kwa hiyo ninazungumzia kitu ambacho hakipo. Ni kweli, vituo viwili vya Makumbusho ya Taifa hapa mjini vimewekwa kwa mambo mengine. Makumbusho ya Elimu Viumbe iko ndani ya Boma la Wajerumani. Makumbusho ya Azimio la Arusha iko Kaloleni, jirani na mnara wa Mwenge wa Uhuru, katika ukumbi ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967, na Azimio likatangazwa Februari 5 mwaka huohuo. Lakini tazameni vilivyomo. Picha ya mnato ni kazi ya mtu aliyechagua asimame wapi. Boma lenyewe, kuta zake na ua wake, ni kitu cha kuchora. Watoto wanaweza kukaa kwenye nyasi na penseli, wauchore mnara wa Mwenge, huku babu akieleza alikuwa wapi siku Azimio lilipotangazwa redioni. Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka huo wa 1967 kuliunga mkono. Mpeni mtoto ramani aifuate safari hiyo kwa kidole, muone maswali atakayomgeuzia babu yake. Wazee walioyaona hayo kwa macho wanapungua kila mwaka, na wajukuu wao wanapita nje ya ukumbi ule kila siku wakienda shule.

Tena barabara iendayo Dodoma kupitia Babati inafika Kolo, penye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu wa nchi hii walichora kwenye mawe zamani sana. Siamini kama kati ya watoto kumi wa darasa langu wawili wanalijua hilo, na kosa ni letu watu wazima. Nakala kubwa ya mchoro mmoja wa Kolo ukutani, mkaa kidogo, udongo mwekundu uliosagwa, na jiwe bapa kwa kila familia vinatosha kwa asubuhi nzima.

Kwa upande wa majumba ya sanaa ya watu binafsi, ninaelewa mnaishi kwa mauzo na mteja wenu ni mgeni. Sina ugomvi na hilo. Ninachoomba ni saa tatu za asubuhi moja kwa wiki, kabla magari ya watalii hayajarudi kutoka mbugani. Na mkiniambia familia za hapa hazipendi kuangalia vitu, nitawakumbusha Nanenane. Kila Agosti watu wanajaa uwanja wa Themi kule Njiro, wanalipa kiingilio, wamebeba watoto mabegani, wanapanga foleni kumwona ng'ombe wa maziwa na bwawa la samaki. Kutazama wanapenda. Getini kwenu hawajui kama wanaruhusiwa, na mlinzi anapouliza "mnataka nini" wanajibu kwa kuondoka.

Sasa nije kwenye nauli, jambo linaloniuma zaidi ya yote.

Tulikuwa wawili pale kwenye jumba la sanaa mwanzoni. Mimi nilikuwa nalala kwa mama mdogo Sakina, nakula kwake, nauli ya daladala ananipa yeye. Mwenzangu alitoka Kasulu. Alikuwa mchoraji kuliko mimi, mwenye subira na watoto, mtu ambaye angefaa kazi hii ya familia kuliko yeyote niliyesoma naye. Hakuwa na ndugu Arusha. Alipanga chumba Unga Limited, akawa anakuja kwa miguu, na wiki ya tatu akaacha, akaenda kumalizia fildi kwenye ofisi ya kata karibu na kwao ili apate pa kulala. Chuo kilimpa alama, akafaulu. Jumba lile halikujua lilimpoteza nani. Wenye mkopo wa Bodi wana fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini si kila mwanafunzi ana mkopo, na fungu hilo huwa halifiki siku ya kwanza ya fildi.

Hili si la kwetu peke yetu. Kwa miaka mingi makumbusho ya sanaa ya Marekani yaliwatumia wanafunzi bila malipo, na matokeo yake waliobaki kwenye kazi hiyo walikuwa wale ambao wazazi wao waliweza kuwalipia chumba. Juni 2019 umoja wa wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa ya Marekani, Kanada na Meksiko ulitoa azimio la kuwataka wanachama wake wawalipe wanafunzi hao. Mwaka uliofuata Metropolitan Museum of Art ya New York ilipewa dola milioni 5 na mfadhili Adrienne Arsht ili nafasi zake zote za wanafunzi ziwe za kulipwa. Sisemi tuna dola milioni 5. Nasema wenye fedha nyingi walikaa wakakiri kwamba fildi isiyo na posho inachagua watu kwa mifuko ya wazazi wao. Sisi tunaweza kukiri hilohilo na kuanza na nauli ya daladala kwenda na kurudi, sahani ya wali maharage mchana, na pale inapowezekana kitanda kwenye hosteli ya chuo cha jirani, maana hosteli nyingi hubaki na vyumba vitupu wakati wa likizo. Waratibu wa vyuo, hilo la vitanda ni lenu, na nadhani ni barua moja tu kutoka chuo kwenda chuo.

Vyuo pia ninawaomba mtazame kile kitabu cha kumbukumbu. Mstari mmoja kwa siku unamfundisha mwanafunzi kwamba kazi ni kuhudhuria. Mwekeeni ukurasa. Aandike familia ilikuwa na watu wangapi na wa umri gani, walisimama wapi kwa muda mrefu, mtoto aliuliza nini, yeye alijibu nini, angejibuje sasa. Msimamizi akija asome ukurasa mmoja huo na mwanafunzi, wazungumze. Akija mara mbili itakuwa vizuri zaidi, na mara moja kati ya hizo iwe Jumamosi, akae nyuma kwenye mkeka atazame.

Na mtawanye wanafunzi wenyewe. Si lazima wote watoke kwenye sanaa. Hapa jirani tuna Chuo cha Ualimu Patandi wanaosomea elimu maalumu, na Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru. Mtu wa Patandi anajua kumpokea mtoto asiyeona akamwacha aguse kinyago kwa utaratibu. Mtu wa Tengeru anajua kwenda Muriet au Ngaramtoni akazungumza na kina mama wa vikoba mpaka wakaja. Mtu wa sanaa ana rangi na jicho. Waunganisheni watatu hao kwa wiki nane, mtashangaa.

Kuna ratiba ya kuangalia. Shule zinafungwa Juni, vyuo vingi vinatoa wanafunzi wa fildi kuanzia Julai, wakati watoto wamerudi darasani. Ndiyo maana nasema Jumamosi. Kwa majirani zetu Wasabato, ambao ni wengi upande huu, Jumapili alasiri itawafaa.

Hofu ya kwamba watoto wataharibu vitu naielewa. Mtoto aliyepewa kitu chake cha kushika hashiki cha kabatini, nimeliona hilo mara nyingi sana darasani. Kubwa zaidi ni usalama wa mtoto mwenyewe, na hapo sitaki ulegevu. Mzazi au mlezi abaki na mtoto muda wote, mwanafunzi wa fildi asiachwe peke yake na mtoto wa mtu, picha za watoto zisipigwe bila ruhusa ya mzazi, na kila anayeanza kazi hii aelekezwe Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema nini kabla hajakutana na familia ya kwanza. Kwa kuwa programu ni ya familia, ulinzi mkubwa umeshakuwepo: mama yuko palepale.

Barua za vyuo za kuombea wanafunzi nafasi huanza kuwafikia mapema, miezi kadhaa kabla ya Julai. Zikifika safari hii, naomba kabla ya kugonga mhuri mumpigie mratibu mmuulize maswali haya: huyu kijana atalala wapi, na anapenda watoto? Kisha mwandike kwenye barua ya kumkubali kwamba kazi yake ni Jumamosi ya familia, na msimamizi wake ni nani kwa jina. Mlinzi wa getini naye aitwe kwenye kikao cha kwanza, kwa sababu neno la kwanza ambalo familia itasikia ni lake. "Karibuni" itatosha.

Mimi nafundisha hapahapa mjini na Jumamosi nina nafasi. Kwa msimu wote wa fildi nitakuja bila malipo kukaa na wanafunzi wenu, kituo chochote kitakachoanza, Boma, Kaloleni au kwenye jumba la sanaa. Beseni ninalo. Vipande viwili vya mpingo ninavyo, kimoja kina ule ukingo mweupe. Mikeka tutaazima kwa majirani.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa sekondari na mama wa watoto wawili, Arusha